Mifumo ya umma hujaribiwa na mtu mmoja, huangushwa na umati

MWEZI wa Oktoba una uzito wake katika vilima vya Mogogosiek, kaunti ya Bomet. Huo ndio mwezi ambao mkulima mdogo anayepeleka majani chai katika viwanda vinavyosimamiwa na Shirika la Ustawi wa Majani Chai nchini (KTDA) hulipwa bonasi, yaani sehemu ya mwisho ya mapato ya mwaka uliofungwa mwishoni mwa Juni. Deni la duka huisubiri siku hiyo. Karo huisubiri, na mabati ya nyumba iliyoanzwa mwaka juzi vilevile. Mnamo 2025 msimu huo uligubikwa na hasira, wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wakiandamana kulalamika kwamba kiwango walichotengewa kilikuwa cha chini mno kikilinganishwa na cha wenzao wa mashariki.

Mzozo wa bei ulistahili kelele zake. Chini yake, hata hivyo, kuna swali jingine lisilopigiwa kelele: je, mifumo ya tarakilishi inayobeba haki za mkulima huyo inaweza kustahimili siku ambayo kila mtu anaihitaji kwa saa moja?

Swali hilo si la mafundi peke yao. Mkaazi wa wadi ya Mogogosiek, eneobunge la Konoin, hutegemea tarakilishi za watu wengine mara nyingi kuliko anavyodhani. Kilo zake hupimwa kwa mizani ya kielektroniki kituoni na kuandikwa katika akaunti yake. Pesa zake hupitia benki, chama cha akiba na mikopo, au simu ya mkononi. Akiugua, tangu Oktoba 1, 2024, jina lake hutafutwa katika mfumo wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Akitaka cheti au leseni hupelekwa eCitizen. Na kila baada ya miaka mitano kidole chake hutambuliwa na kifaa cha tume ya uchaguzi kabla ya kupewa karatasi za kura. Mifumo hiyo yote ina tabia moja: siku za kawaida huenda vizuri, na siku ya msongamano ndiyo inayoonyesha iliundwaje.

Kiwanda na lori la thelathini

Kuhusu jambo hili, kiwanda cha chai kingeweza kuwafunza wataalamu wa Nairobi. Majani mabichi hayangoji. Yakishachumwa, yale majani mawili na kichipukizi chake, huanza kupoteza maji na kupata joto. Yakirundikwa kituoni kwa saa nyingi hugeuka rangi, na thamani yake hushuka hata kabla hayajamwagwa kwenye vitanda vya kunyaushia. Kwa sababu hiyo meneja wa kiwanda hapangi kazi kwa kuangalia wastani wa mwaka. Wakati wa kiangazi majani hupungua na mashine hupumzika. Mvua ndefu zikishika, vikapu hujaa na malori hupanga mstari langoni. Uwezo wa kiwanda hupimwa kwa wiki ile ya mafuriko. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeiona mashine ikisaga kilo 10 mbele ya wageni, kisha aape kwamba itamaliza malori 30 usiku huohuo.

Katika uundaji wa programu za tarakilishi kiapo cha namna hiyo hutolewa kila wiki mbili, na jambo hilo lina historia yake.

Februari 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika ilani fupi kuhusu namna bora ya kuunda programu. Walikuwa wamechoshwa na miradi mikubwa iliyopangwa kwa miaka, ikaandikiwa nyaraka zenye uzito wa matofali, kisha ikakabidhiwa wakati ambao mahitaji ya mteja yalikuwa yamekwisha kubadilika. Utaratibu waliouhimiza huitwa ajaili, neno lenye maana ya wepesi. Kikosi kidogo cha waundaji hufanya kazi katika mizunguko mifupi, aghalabu ya wiki mbili, ambayo wengi wao huiita sprinti. Mwisho wa kila mzunguko mteja huonyeshwa kipande kinachofanya kazi, hutoa maoni, na kazi husonga. Utaratibu huo umeenea hadi Nairobi. Mabenki yameukumbatia, kampuni changa haziujui mwingine, na Safaricom yenyewe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020, imepanga upya wafanyakazi wake katika vikosi vya aina hiyo.

Ni utaratibu mzuri, na anayeubeza amesahau ule uliotangulia. Kasoro yake iko katika ile siku ya maonyesho. Mtu mmoja hukaa mbele ya tarakilishi moja, ndani ya ofisi yenye mtandao wa kasi, akiwa na hifadhidata iliyojazwa majina ya wakulima mia chache wa kubuni. Hubonyeza, ukurasa hufunguka, risiti hutoka, waliohudhuria hupiga makofi. Kipande hicho huandikwa kuwa kimekamilika. Wiki mbili baadaye kingine huongezwa juu yake, na kingine tena, hadi mradi unapata vipande arubaini, kila kimoja kikiwa kimethibitishwa na mtu mmoja.

Kazi iliyokuwa ibainishe kama vipande hivyo vinaweza kuwabeba watu laki moja kwa pamoja, yaani majaribio ya mzigo na ya utendaji, huhitaji siku kadhaa, seva za pekee na data nyingi. Haitoshei vizuri ndani ya wiki mbili. Basi husukumwa mbele, kwamba itafanywa "mwishoni". Katika ajaili, kwa kawaida yake, mwisho haupo. Na katika miradi ya serikali mwisho ni tarehe iliyokwisha kutangazwa na mwanasiasa jukwaani.

Majaribio yenyewe si uchawi. Programu maalumu huandikiwa maelekezo ya kujifanya watumiaji maelfu, wote wakiingia, wakitafuta, wakibonyeza na kuondoka kama binadamu wafanyavyo. JMeter, mojawapo ya programu hizo, imekuwako tangu 1998 na hailipiwi hata senti. Mzigo huongezwa kidogo kidogo huku wapimaji wakiangalia mambo matatu: maombi mangapi yanahudumiwa kwa sekunde, kila ombi linachukua muda gani, na mangapi yanarudishwa na makosa. Mzigo huo unaweza kuwa ule unaotarajiwa. Unaweza kupandishwa hadi mfumo uanguke, ili ijulikane unaangukia wapi na unaamkaje. Unaweza pia kuachwa ukiendelea siku mbili au tatu bila kukoma, kwa sababu yapo maradhi ambayo hayaonekani katika saa ya kwanza: kumbukumbu inayovuja tone kwa tone, au diski inayojaa.

Usiku wa Bomas

Wakenya wanayo sababu ya kukumbuka diski iliyojaa. Machi 4, 2013, katika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya katiba mpya, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilikuwa imeahidi teknolojia mbili kuu: vifaa vya kutambua wapigakura kwa alama za vidole, na upeperushaji wa matokeo ya awali kutoka vituoni kwa simu. Wapigakura waliosajiliwa walizidi milioni 14. Vifaa vya utambuzi vilianza kuzimika asubuhi. Betri zilikwisha, na madarasa mengi yaliyogeuzwa kuwa vituo hayakuwa na mahali pa kuchomeka waya wa umeme. Jioni matokeo yalianza kumiminika kwenye skrini kubwa za ukumbi wa Bomas, kisha yakapungua, kisha yakasimama. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba seva zilielemewa na nafasi ya kuhifadhia data ikajaa. Wasimamizi wa uchaguzi wakaitwa Nairobi na fomu zao mikononi.

Kulikuwa na dosari nyingine, ndogo kwa sura na kubwa kwa madhara. Idadi ya kura zilizokataliwa ilipanda kwenye skrini ikapita 300,000, taifa likaanza kubishana kama kura hizo zihesabiwe katika asilimia. Baadaye tume ilieleza kwamba hitilafu ya programu ilikuwa ikiizidisha idadi hiyo mara 8. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Katika kinyang'anyiro ambacho mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, tofauti hiyo haikuwa ya kuchezewa.

Jambo la kutazamwa ni kwamba upeperushaji kwa simu haukuwa mgeni. Ulikuwa umetumika katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, ukasifiwa. Lakini mwaka 2010 mpigakura aliulizwa swali moja, ndiyo au la. Mwaka 2013 alipewa karatasi sita. Kufaulu kwa mzigo mdogo kulichukuliwa kuwa ushahidi wa kufaulu kwa mzigo wowote. Mahakama ya Juu, ilipotupa kesi ya kupinga matokeo Machi 30, 2013, ilitaja kwamba teknolojia ya uchaguzi ni nadra kuwa kamilifu. Ni kweli. Hata hivyo kuna tofauti kati ya ajali ambayo haikuweza kutabirika na diski ambayo ukubwa wake ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi ya ununuzi.

Kwa nini foleni hulipuka

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa mfumo unahudumia watu 1,000 vizuri, kwa nini watu 1,100 wauangushe? Jibu lilianza kutafutwa zamani, jijini Copenhagen, na Agner Krarup Erlang, mwanahisabati aliyechapisha mwaka 1909 maandishi yake ya kwanza juu ya msongamano wa simu. Hesabu iliyochipuka kutokana na kazi ya namna hiyo inaeleweka hata kituoni, penye karani mmoja na mizani moja, wakulima wakifika bila mpangilio. Karani akiwa na kazi nusu ya muda wake, mkulima hukaa kituoni, kwa wastani, mara mbili ya muda wa kupimiwa. Kazi ikifika asilimia 90 ya uwezo wake, mkulima hukaa mara 10. Ikifika asilimia 99, mara 100. Hakuna kilichoharibika. Karani hajawa mvivu. Ni nafasi ya kupumua tu iliyokwisha.

Seva huwa na tabia hiyohiyo, na huongeza yake. Mwaka 1961 msomi wa Marekani, John Little, alithibitisha kanuni nyepesi: idadi ya waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa kwa muda wa kukaa. Maombi 500 kwa sekunde, kila moja likichukua sekunde moja, maana yake ni maombi 500 yaliyo wazi kwa wakati mmoja. Hifadhidata ikizubaa na kila ombi likachukua sekunde 10, yaliyo wazi huwa 5,000, ilhali hakuna mtu hata mmoja aliyeongezeka. Kila ombi lililo wazi hula kumbukumbu na kushikilia njia ya kufikia hifadhidata. Zikiisha njia hizo, hata aliyekuja kwa jambo dogo hufungiwa nje.

Hapo binadamu naye huingia na tabia zake. Mkulima anayeona simu imenyamaza hubonyeza tena. Jirani yake hubonyeza mara tatu. Mzigo uliokuwa wa watu laki moja huwa wa laki mbili na nusu, na mfumo uliokuwa ukichechemea hulala chini. Majaribio yasiyoigiza ukaidi huu wa kibinadamu hujaribu dunia isiyokuwapo.

Mtego mwingine ni wastani, ambao wakuu wa idara huupenda kwa sababu unaingia katika sentensi moja ya ripoti. Chukua watu 100: 95 wakajibiwa kwa sekunde moja, watano wakasubiri dakika nzima. Wastani ni sekunde nne kasoro kidogo, na ripoti itasema huduma ni ya kuridhisha. Watano wale hawakusubiri sekunde nne. Wenye fani makini huuliza muda ambao watu 95 au 99 kati ya 100 hawauvuki, na huutazama mkia wa foleni kabla ya kichwa. Katika mfumo wa hospitali, mtu aliye mkiani huenda ndiye mgonjwa aliyelazwa kwenye kiti cha magurudumu.

Oktoba mosi mara mbili

Historia ina kejeli zake. Oktoba 1, 2013, serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov ili raia wajiandikishe katika mpango mpya wa bima ya afya. Waliofanikiwa kujiandikisha siku ya kwanza walikuwa watu sita. Tovuti ilikuwa imepangiwa watumiaji wa pamoja kati ya 50,000 na 60,000. Waliofika wakakadiriwa kuwa hadi 250,000. Lakini udhuru wa umati ulipungua nguvu ilipojulikana kwamba katika jaribio lililofanywa siku chache kabla ya uzinduzi, mfumo ulikuwa umeanguka chini ya mzigo wa watu mia chache tu. Wakandarasi waliliambia Bunge la Congress kwamba vipande vilivyotengenezwa na kampuni mbalimbali viliunganishwa na kujaribiwa vikiwa kitu kimoja katika wiki mbili za mwisho. Kila kipande, bila shaka, kilikuwa kimekamilika.

Miaka 11 baadaye, tarehe ileile, Kenya ilizima Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Matibabu (NHIF) na kuwasha SHA. Wiki za kwanza wagonjwa, wakiwemo wa figo na saratani ambao tiba yao ina ratiba isiyoahirishwa, walikwama hospitalini huku wahudumu wakisema mfumo haufunguki au hauwatambui. Itakuwa si haki kuutupia mzigo wa tarakilishi lawama yote. Mikataba na hospitali ilichelewa, madeni ya NHIF yalikuwa hayajalipwa, na wahudumu wengi hawakuwa wamefunzwa. Walakini kuhamisha nchi nzima kwa usiku mmoja ni uamuzi wa kiufundi kama ulivyo wa kisiasa: ni kuamua kwamba jaribio la kwanza la mzigo kamili litafanywa na wagonjwa wenyewe.

Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, aliibua maswali kuhusu mfumo huo uliogharimu Sh104.8 bilioni, likiwemo la kwamba serikali haiumiliki. Mjadala wa umma uliegemea kwenye fedha, kama ilivyotarajiwa. Lakini umiliki una upande mwingine. Mteja asiyemiliki mfumo hana mamlaka ya kuupiga kwa mzigo wa majaribio apendapo, wala ya kudai kuona ulivyopimwa.

Pigo la namna tofauti liliwapata watumiaji wa eCitizen Julai 27, 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan lilipouelekezea mfumo huo mafuriko ya maombi ya uongo. Huo ulikuwa uhasama, si uzinduzi. Kwa seva, hata hivyo, umati ni umati. Na wiki chache kabla ya hapo serikali ilikuwa imejivunia kuhamishia maelfu ya huduma katika mlango huohuo mmoja.

Namba inayotajwa hadharani

Upo mfano wa nyumbani unaoonyesha njia. M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, kwa miaka mingi iliendeshwa kwenye seva zilizokuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Wateja wake wanakumbuka Ijumaa za mwisho wa mwezi ambazo pesa zilikataa kwenda, kwa hiyo haikosi madoa. Lakini Septemba 2025 Safaricom ilipoboresha mfumo huo ilitaja namba: uwezo ulikuwa miamala 4,500 kwa sekunde, sasa ni 6,000, na unaweza kupandishwa hadi 12,000. Namba ya namna hiyo ni ahadi inayoweza kupimwa. Kampuni ikiitaja, siku mfumo ukilala kwa mzigo wa 3,000 kuna cha kuuliza. Ni vigumu kumkumbuka waziri aliyewahi kusimama kuzindua mfumo wa umma akataja idadi ya watu unaoweza kuwahudumia kwa sekunde.

Waundaji wa programu wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Kujenga mahali pa majaribio palipo sawa na mfumo halisi ni gharama inayokaribia kujenga mfumo wa pili. Kurudia jaribio kamili kila wiki mbili kungekula muda wote wa kikosi. Wanasema pia, na wana haki, kwamba hakuna maigizo yanayoweza kutabiri kila tabia ya mtumiaji wa kweli.

Hoja hizo zinapinga jaribio kubwa la kila mara. Hazipingi jaribio dogo la kila usiku. Kikosi kinaweza kuchagua njia tatu au nne zinazobeba uhai wa mfumo. Kwa mkulima, tuseme, kurekodi kilo, kuangalia salio na kupokea malipo. Njia hizo hupigwa kwa mzigo wa wastani kila usiku baada ya mabadiliko ya siku kuingizwa, na kiwango huwekwa mapema. Ombi lililokuwa likichukua sehemu ya tano ya sekunde likianza kuchukua nusu sekunde, kazi ya siku hiyo hairuhusiwi kuitwa imekamilika, hata kama ukurasa unafunguka na rangi zake zinapendeza. Faida yake ni kwamba mkosaji hujulikana: ni badiliko la jana, si mojawapo ya mabadiliko 400 ya mwaka mzima. Jaribio kubwa, lile la kuigiza siku yenyewe ya umati, hubakizwa kwa nyakati maalumu, wiki kadhaa kabla ya msimu, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Wingi wa data nao haupaswi kusahauliwa. KTDA huhudumia wakulima zaidi ya 600,000. Programu inayomtafuta mkulima kwa kupitia orodha nzima, jina moja moja, itaonekana ya haraka ikiwa orodha ya majaribio ina majina 500. Kosa la kusahau faharasa katika hifadhidata husahihishwa kwa mstari mmoja wa maandishi, na haligunduliki mpaka orodha iwe na urefu wa kweli. Vilevile mtandao. Karani aliye kwenye kituo kilichozungukwa na vilima hana mtandao wa ofisi ya Upper Hill. Simu yake hushika mawimbi, huyapoteza, huyashika tena, na kila ikiyashika hujaribu kutuma upya yote iliyokusanya. Jaribio lisilo na mtandao mbovu ndani yake limeandikwa na mtu ambaye hajapanda matatu kutoka Litein kwenda Mogogosiek wakati wa mvua.

Ununuzi wa umma ndio mahali pa kuanzia, kwa maana kikosi cha ajaili hufanya kile ambacho mteja ametaja kuwa sharti. Zabuni ikisema tu "mfumo uwe wa haraka na wa kutegemewa", kila mzabuni ataandika kwamba wake ni wa haraka na wa kutegemewa. Ikisema kwamba katika saa ya msongamano watu 99 kati ya 100 wahudumiwe kwa sekunde tatu, kwa mzigo uliotajwa kwa namba, kwamba matokeo ya majaribio yaonyeshwe kila mwezi na malipo yafuate matokeo hayo, sentensi nyingi za kujisifu zitafutika kabla ya bahasha kufungwa.

IEBC yenyewe ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 2017 ilitangaza siku chache kabla ya kura kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa kasi ya kutosha, tangazo la kweli lililokuja wakati ambao wapinzani hawakuwa tena na imani ya kulipokea kama ukweli. Mwaka 2022 tume iliigiza upeperushaji mbele ya wadau kabla ya kura, dosari zikaonekana hadharani, na Agosti fomu za vituo 46,229 zilianza kuwekwa kwenye tovuti ambayo mwananchi yeyote aliweza kuifungua na kuzipakua. Matokeo yalipingwa mahakamani, kama ilivyo desturi, lakini safari hiyo taifa halikukesha likitazama skrini zilizoganda.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika Agosti 10, 2027. Mzigo wake si siri: orodha ya vituo itachapishwa, sajili ya wapigakura itafungwa mapema, na vituo, kikiwemo kila chumba cha darasa kitakachotumika Konoin, vitafungwa saa kumi na moja jioni. Saa chache baadaye, kura zikishahesabiwa, makumi ya maelfu ya vifaa vitatafuta mawimbi na kuanza kutuma picha za fomu kwenda mahali pamoja, huku mamilioni ya watu wakifungua tovuti hiyohiyo kuzitazama.